Kutwa mara tatu, na usiku je?

Shangazi yangu anakaa Muheza, kwenye nyumba ile ile aliyotulelea, na kuna mwaka alishikwa na kichomi akaandikiwa amoksilini za siku 7. Nilifika kumwona siku ya nne nikakuta bado anakohoa, homa inaondoka inarudi, na kwenye stuli pembeni ya kitanda kuna kikombe cha maji na bahasha ya dawa imeandikwa kwa peni 1 x 3. Baada ya shikamoo na marahaba na pole ya safari nikamwuliza, shangazi hizi dawa unazimezaje? Akasema kutwa mara tatu, kama nesi alivyoniambia. Saa ngapi na saa ngapi? Asubuhi saa 12 nikiamka, mchana saa 7 nikishakula, na jioni saa 12 kabla jua halijazama. Nikamwambia hiyo ya mwisho ungeimeza usiku. Akanitazama sana. "Kutwa si mchana, mwanangu? Usiku ni kucha. Wangetaka nimeze na usiku wangesema kutwa kucha."

Nilikaa kimya maana shangazi yuko sahihi. Kutwa ni tangu jua linachomoza mpaka linatua, ndo maana tunasema fulani kashinda kutwa nzima hajala, na tukitaka kuingiza na usiku tunasema kutwa kucha. Sisi watu wa dawa tumechukua neno la mchana tukalibebesha masaa 24 halafu mgonjwa akimeza zote tatu mchana tunasema hafuati maelekezo. Shangazi alifuata kila neno aliloambiwa. Alichonyimwa ni sababu, angejua kwa nini ni tatu na kwa nini zipishane masaa 8 angejipangia mwenyewe bila hata kuniuliza mimi.

Basi nikakaa pale kitandani nikamweleza. Bakteria, tofauti na chembe za mwili wetu, ana ukuta kwa nje, na ukuta huo anaujenga muda wote kwa sababu muda wote anakua na kugawanyika, na ndani yake maji yamejaa yanausukuma kama maji kwenye mpira wa baiskeli uliojazwa mno. Ana mafundi wake, protini fulani, kazi yao ni kufunga nondo za ukuta huo. Amoksilini, kama ndugu zake wote wa ukoo wa penisilini, inaenda kuwashika mafundi mikono. Ukuta uliokwisha kujengwa haiugusi, inazuia nondo mpya zisifungwe tu, sasa bakteria anaendelea kukua ukuta unabaki legelege, maji yanasukuma kutoka ndani, anapasuka. Chembe zetu sisi hazina ukuta wa namna hiyo, ndo maana dawa inampasua yeye inatuacha sisi.

Shida ni kwamba amoksilini haikai. Figo zinaitoa haraka sana, kwa mtu mwenye figo nzima kila baada ya saa 1 hivi iliyopo kwenye damu inabaki nusu, saa inayofuata nusu ya nusu, mpaka ikifika saa ya 8 kilichobaki ni kidogo mno. Ukikaa masaa 12 hujameza mafundi wanafunguliwa mikono, wanarudi kazini, wanaziba nyufa zote ulizowatengenezea mchana. Na usidhani ukimeza viwili kwa mpigo jioni utakuwa umefidia, kwa dawa za ukoo huu cha maana ni muda ambao dawa ipo kwenye damu kuliko wingi wake wa mara moja. Zipo antibayotiki nyingine kama gentamaisini ambazo zenyewe zinapenda zije nyingi kwa mkupuo, hivyo unachomwa sindano moja kwa siku inatosha, lakini penisilini na ndugu zake hapana.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe usiku wanajenga." Kisha akaniomba peni.

Hii habari ya figo kuitoa penisilini haraka ina kisa ambacho mimi kikinitoka mdomoni darasani huwa natulia kidogo kabla ya kuendelea. Februari 1941 pale Oxford, Uingereza, askari polisi anaitwa Albert Alexander alikuwa anakufa kwa usaha, maambukizi yalikuwa yameenea usoni na kichwani mpaka jicho moja likabidi litolewe. Kina Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley walikuwa na penisilini kidogo waliyoitengeneza wenyewe maabara, miaka 13 baada ya Alexander Fleming kugundua ule ukungu unaoitoa penisilini mwaka 1928. Wakamchoma, siku chache tu homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ikawa inaisha. Wakaanza kukusanya mkojo wake, wanaupeleka maabara, wanaitoa ile penisilini iliyopita kwenye figo bila kuharibika wanamrudishia tena mwilini. Baada ya siku 5 ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi na Machi 15 mwaka huo huo akafariki. Mtu aliyekuwa anapona kabisa, kilichomuua ni dawa kuisha kabla bakteria hawajaisha, na kila nikiona bahasha imeandikwa 1 x 3 bila neno jingine namkumbuka yeye.

Mimi kazi yangu ni famakolojia. Nikisema hivyo watu husema aah, una duka la dawa, na siwalaumu, maana hata mimi nilianzia famasi. Mfamasia ndiye anayehakikisha dawa sahihi imemfikia mtu sahihi, ni kazi kubwa na ya heshima. Mfamakolojia anahangaika na maswali mawili, dawa inaufanya nini mwili, na mwili unaifanya nini dawa. Hayo tu, lakini hayajaniishia mpaka leo. Na sayansi yenyewe si ya zamani ukilinganisha na dawa, binadamu ametibu kwa mizizi na majani tangu enzi na enzi, ila maabara ya kwanza ya famakolojia aliianzisha Rudolf Buchheim mwaka 1847 mjini Dorpat, ambao siku hizi ni Tartu kule Estonia, tena aliiweka nyumbani kwake kwa hela zake.

Mimi swali langu la kwanza nililipata kwa kujikuna. Waliokua miaka ya themanini na tisini wanaijua klorokwini, ule uchungu haukuwa shida sana, shida ilikuwa kuwashwa, unaanza viganjani na kwenye nyayo, kama sindano ndogo ndogo zinakuchoma kutokea ndani, ukinawa maji ndo unaamsha balaa, usiku mzima hulali unajikuna kwenye mkeka mpaka ngozi inachubuka. Huko kwetu malaria ilikuwa mgeni wa kila msimu, na juu kidogo tu milimani Amani kuna miti ya kwinini iliyopandwa tangu enzi za Wajerumani, yaani tumezungukwa na ugonjwa na tumezungukwa na dawa. Nilikuwa nazificha zile za siku ya pili na ya tatu chini ya godoro. Sasa mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja akimeza klorokwini hawashwi hata kidogo, anacheza mpira jioni yake. Nikawa nauliza kila mtu, dawa ni ile ile, duka ni lile lile, mbona mimi inaniwasha yeye haimwashi? Jibu nililopata kwa watu wazima ni kwamba ukiwashwa ujue dawa inafanya kazi. Niliamini kwa miaka mingi.

Jibu hilo halikuwa kweli. Kuwashwa hakukuwa dalili ya kupona, ni jinsi miili ya baadhi yetu inavyoipokea ile dawa, na kuliwapata Waafrika wengi sana wakati kwa Wazungu na Waasia ni mara chache. Tulikuwa tunapewa na Piriton tutulie, wengine iliwasaidia kidogo wengine wapi, kwa sababu kuwashwa kwenyewe hakutokani tu na kile ambacho Piriton inakizuia. Na ile dawa ikishaingia mwilini inajificha kwenye nyama na ngozi inatoka taratibu kwa wiki nyingi. Nawaza watoto wangapi walifanya kama mimi, wakameza siku ya kwanza homa ikapoa wakaficha nyingine, vimelea vilivyobaki vikakutana na dawa nusu nusu. Si hilo peke yake lililoiua klorokwini, usugu wake ulianzia Asia na Amerika Kusini, ule wa Asia ukasafiri mpaka kwetu, lakini mtoto aliyeambiwa kwa nini inamwasha na kwa nini amalize siku 3 angevumilia zaidi ya yule aliyechapwa ili ameze.

Tanzania iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaja SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, vidonge 3 mara moja umemaliza, watu wakaipenda sana kwa hilo, nayo ikazidiwa, na 2006 serikali ikahamia dawa ya mseto. Mimi wakati huo nipo Muhimbili nasoma famasi, na nilipomaliza nikafanya mazoezi ya kazi kwenye famasi moja mjini ambayo sitaitaja. Foleni mpaka barabarani. Nilikuwa natoa mseto kwa kusema vinne mara mbili siku tatu, mwingine. Vinne mara mbili siku tatu, mwingine. Siku moja nikajaribu kumweleza mama mmoja ale nini kabla hajameza, mkubwa wangu akaja nyuma yangu akasema hapa hatufundishi, hapa tunahudumia. Nikanyamaza na nikaendelea kunyamaza miezi yote iliyobaki, na hilo ni jambo ninalolijutia, maana nilijua nilichotakiwa kusema.

Nilichotakiwa kusema ni hiki. Mseto ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja. Artemetha ndo mfyekaji, inaingia shambani na panga, masaa machache tu imeshaangusha vimelea vingi ajabu, homa inashuka, lakini hiyo hiyo kwa masaa machache inakuwa imekwisha mwilini. Lumefantrini ndo ya palizi, yenyewe haina haraka, inabaki siku kadhaa inang'oa kila kilichochipua. Mfyekaji bila wa palizi, shamba linarudi msitu. Na lumefantrini ina tabia moja, haipendi maji, inapenda mafuta. Ukiimeza na chai ya rangi tupu nyingi inapita tumboni inatoka kama ilivyoingia, hujanufaika nayo. Ukiimeza na chakula chenye mafuta mengi kinachoingia kwenye damu kinaweza kuongezeka hadi mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Mara 16, kidonge ni kile kile! Wala si lazima ule pilau, mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula tunajua, kikombe cha maziwa, uji uliotiwa nazi au karanga, korosho kiganja kimoja, vinatosha. Halafu dozi ya pili unaimeza baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata mpaka vinaisha vidonge vyote 24 kwa mtu mzima.

Haya yote hatukuyapata bure. Artemisinini, mama yake artemetha, ilipatikana China na mwanamama Tu Youyou, mradi ulianza 1967 wakati wa vita ya Vietnam, wakajaribu mimea kibao. Mmea mmoja mara unafanya kazi mara haufanyi. Akarudi kwenye maandiko ya tabibu Ge Hong ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita akakuta imeandikwa uloweke mmea kwenye maji, uukamue, unywe. Haikuandikwa uchemshe. Akaelewa kwamba moto ndo unaoua dawa, akatumia etha kwenye joto dogo, ikakubali. Kabla ya kuwapa wagonjwa yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kuona kama ni salama. Nobel akapewa 2015. Mimi kinachonigusa pale ni kwamba maelezo ya jinsi ya kutumia dawa, mstari mmoja, yalikaa karne zote hizo yakisubiri mtu wa kuyasoma kwa makini.

Niliporudi kusoma shahada ya pili nikaangukia humo humo, kupima dawa ya malaria kwenye damu za watu. Kazi yenyewe ukiitazama kwa nje haina cha kuvutia. Damu inazungushwa kwenye sentrifuji inajitenga, nyekundu chini, juu plazima ya manjano hafifu, unainyonya kidogo kidogo kwa pipeti unaigandisha, siku ya kupima unaipitisha kwenye mashine halafu unakaa unaangalia kioo. Dawa ikitokea inachora mlima. Mlima mrefu dawa ni nyingi, mfupi ni kidogo. Kwa lumefantrini tunaangalia sana siku ya 7, kiasi kilichobaki siku hiyo kinatabiri vizuri kama malaria itarudi au hairudi, watafiti wengi wanataka ikute angalau nanogramu 200 kwenye kila mililita. Nanogramu ni gramu 1 uigawe mara bilioni.

Sasa kuna sampuli moja mlima wake ulikuwa kama kichuguu. Nikapima tena, kichuguu. Nilipopata nafasi ya kuongea na mwenyewe, baba wa makamo, mvuvi, ananiapia kabisa kwamba hakuacha hata kimoja, na kadi ya vidonge, tupu, anayo mfukoni. Nikamwuliza ulikuwa unakula nini. Chai ya rangi na mkate mkavu, siku zote 3, kwa sababu nyumbani walimkataza vitu vya mafuta, mtu mwenye malaria akila mafuta nyongo inapanda. Nazi waliiondoa kwenye mchuzi kwa ajili yake. Samaki akachemshiwa. Familia nzima ilikuwa inamtunza kwa upendo wote, na ule upendo ndo uliokuwa unaizuia dawa isiingie. Siku ile nilitoka maabara nimeamua kwamba kupima tu hakutoshi, lazima na kueleza, na kueleza kwa Kiswahili watu wanachoongea.

Kueleza nimejifunzia sana kwenye kikoba cha dada yangu, Jumapili mchana wakishahesabu hela zao wananipa nusu saa. Mara ya kwanza nilienda na michoro, nikaongea vipokezi, vimeng'enya, wakapiga makofi kwa heshima. Akanyoosha mkono mama mmoja anauza mitumba, akasema, "Dokta, mimi nauliza. Panadol inajuaje kwamba kinachoniuma ni kichwa na sio goti?"

Swali hilo ni famakolojia nzima. Na jibu lake ni kwamba haijui. Kidonge kikishayeyuka kikaingia kwenye damu, moyo unakizungusha mwili mzima ndani ya dakika 1 hivi, kinapita kichwani, kinapita gotini, mpaka kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Dawa haina ramani. Kinachoamua ni wapi kuna siti yake. Mtu wa Cambridge anaitwa John Newport Langley ndiye aliyesema mwaka 1905 kwamba lazima kwenye chembe kuna kitu kinachopokea, na tangu hapo tumevipata vipokezi vya kila aina, mimi naviita siti kwa sababu wote pale wanapanda daladala. Chukua histamini. Inakaa kwenye siti zake puani unapiga chafya, inakaa kwenye ngozi unawashwa, na kwenye ubongo ina siti pia, huko kazi yake ni kukuweka macho. Piriton inachofanya ni kuwahi siti. Haiiui histamini, inakaa pale histamini inakosa pa kukaa. Lakini inawahi zote, za puani, za kwenye ngozi na za kwenye ubongo, basi mafua yanakauka na usingizi unakukamata. Setirizini yenyewe hairuhusiwi sana kuvuka kuingia kwenye ubongo, ndo maana haikulazi kivile. Yule mama akasema kwa hiyo yale mabaya ya dawa na yale mazuri yake ni kitu kimoja, ni siti tu tofauti. Nimefundisha wanafunzi wa chuo miaka na sijamsikia mtu kulisema vizuri kama yeye.

Hizo siti zimenisaidia sana kwa watu wa presha. Mwanzoni mwa miaka ya sitini James Black, Mskoti, alikuwa anatafuta namna ya kuupumzisha moyo wa mtu mwenye maumivu ya kifua, akaona badala ya kuongeza damu inayokwenda kwenye moyo, aizuie adrenalini isiusukume. Akatafuta kitu cha kuwahi siti za adrenalini, ikapatikana propranololi, Nobel yake ikaja 1988. Sasa mwili sio mjinga, ukiona siti zake zinakaliwa miezi na miezi unaongeza siti nyingine. Ukiacha ghafla dawa za namna hiyo, propranololi, atenololi, adrenalini inakuta siti nyingi kuliko mwanzo zote ziko wazi, moyo unaenda mbio, presha inaruka, na mtu mwenye moyo mgonjwa anaweza kufa. Kuna mzee wetu mmoja mtaani aliniambia mjukuu wangu presha imeshashuka dawa za nini tena, nikamwambia babu, imeshuka kwa sababu dawa imekaa kwenye siti, dawa ikishuka adrenalini itapanda. Alicheka, lakini dawa anameza. Amlodipini nayo watu wanaiacha kwa sababu miguu inavimba wanadhani figo zimekufa, kumbe ile dawa inalegeza mishipa na maji kidogo yanavuja kwenda kwenye nyama za kifundo cha mguu. Mweleze daktari akubadilishie au apunguze, si kuacha kimya kimya.

Na Panadol yenyewe niliyoulizwa, nawaomba sana. Vidonge 2 vya miligramu 500 havijatuliza kichwa mtu anaongeza 2 tena baada ya saa, juu yake dawa ya mafua ambayo nayo ndani ina parasetamo hiyo hiyo kwa jina jingine. Mtu mzima mwenye afya mwisho ni vidonge 8 kwa masaa 24, vikipishana. Ini linaisafisha parasetamo kwa njia mbili salama, na sehemu ndogo inapita njia ya tatu inayotoa sumu, hiyo sumu ini lina akiba ya kitu cha kuifutia. Ukizidisha, njia mbili zinajaa, nyingi inamiminika kwenye ile ya tatu, akiba inaisha, sumu inaanza kula ini lenyewe. Kinachonitisha ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kuwa hana dalili za maana, anatapika kidogo anasema nimepona, ini linaanza kufa siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kuokoa ipo, asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya masaa 8 ya kwanza. Kwa hiyo ukijua mtu kameza nyingi, usisubiri aumwe. Mpeleke sasa hivi.

Vijana huniuliza famakolojia ina maisha gani. Nawasimulia Frances Kelsey. Huyu mama alikuwa mfamakolojia, mwaka 1960 ndo kwanza ameajiriwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa kule Marekani, akapewa faili la dawa ya usingizi, thalidomaidi, tayari inauzwa Ulaya inasifiwa haina madhara. Akaona maelezo ya usalama hayatoshi. Akawaandikia, leteni ushahidi. Wakaleta barua na simu na malalamiko kwa wakubwa wake, yeye anajibu vile vile, leteni ushahidi. Mwishoni mwa 1961 ikajulikana, kina mama waliomeza mwanzoni mwa mimba walikuwa wanazaa watoto wenye mikono na miguu mifupi au hawana kabisa, zaidi ya watoto 10,000 duniani. Marekani walikuwa wachache sana, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekataa kusaini kitu asichokielewa. Rais Kennedy akamvisha nishani 1962. Na dawa ile ile leo inatibu madhara fulani makali ya ukoma, kwa masharti magumu, mjamzito haisogelei. Kama unataka kazi hii, maisha yake ndo hayo, unasoma faili, unauliza inafanyaje, na usipojibiwa unauliza tena.

Shangazi alipona. Mwezi uliofuata nilipita Muheza nikamkuta ukumbini na jirani yake, kijana wa bodaboda ana jipu limevimba shingoni, bahasha mkononi, na shangazi anaandika kwa ile peni yangu aliyobaki nayo, herufi kubwa kubwa, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kijana anasema mama saa 4 mimi bado niko barabarani. Shangazi hata hakunyanyua macho. "Tembea nazo mfukoni na kichupa cha maji. Wewe ukiwa barabarani, wao wanafunga nondo."